Mgongo wa Ombasha Yahaya

Watu wa Ihumwa husema Chilewa alikaa siku ishirini bila kulala. Watu wa Dodoma, ambao hawajapata kukubaliana na watu wa Ihumwa juu ya jambo lolote, husema zilikuwa kumi na mbili tu, na katika hizo alisinzia mara mbili akiwa wima, kama punda. Mama yake hakutaja idadi. Alisema usingizi wa mtu hauhesabiwi, kama vile ng'ombe wa mtu wasivyohesabiwa, na aliyetaka kuhesabu akahesabu wa kwake.

Lakini kwamba usingizi ulimkimbia, hilo hakuna anayebisha. Na kwamba alijitakia mwenyewe, hilo nalo halina ubishi.

Chilewa alikuwa bingwa wa mieleka. Si bingwa wa kulipwa. Siku hizo nani angemlipa mtu kwa kumwangusha mwenziwe? Kila mwaka, uwele ukishapurwa na makapi yakishapeperushwa, viwanja vya kupuria vilibaki vitupu, vigumu, vimefagiwa vikawa laini kama ubavu wa kibuyu. Hapo vijana wa Hombolo, wa Mvumi, wa Buigiri na wa Makulu walikuja wamejipaka mafuta na udongo mwekundu, masikio yananing'inia mapete, wakitafuta mtu wa kushikana naye. Aliyeshinda alipewa kata ya kwanza ya pombe, na jina lake likakaa midomoni mwa wanawake kwenye vinu mpaka mvua nyingine. Basi. Na kwa hilo tu watu waliteguka mabega.

Mavuno saba mfululizo mgongo wa Chilewa haukugusa ardhi. Na ungemwona usingemdhania: miguu mirefu kama ya korongo, shingo nyembamba, mwendo wa mtu aliyesahau anakokwenda. Wageni walimcheka. "Huyu ndiye? Huyu si nikipiga chafya tu amekwenda?" Kisha wakajikuta wanatazama mawingu.

Siri yake ilijulikana na kila mtu, kwa hiyo haikuwa siri. Chilewa aliota. Kila alipokaribia kushikana na mtu, alimwona kwanza usingizini, ila hakumwona kama mtu. Msanjila wa Hombolo, fahali la mtu, alimjia kama chungu kilichotelekwa juu ya mafiga mawili. Kulipokucha Chilewa akavuta upande ule ambao figa la tatu halikuwapo, na Msanjila akamwagika. Kijana mmoja wa Mvumi alimjia kama kamba ya kufungia ndama, ngumu kote isipokuwa pale panya alipoitafuna. Chilewa akamkaba pale pale, chini ya mbavu za kushoto, na kamba ikakatika.

Alizipenda ndoto zile kuliko ushindi wenyewe. Kulikuwa na mlango, na nyuma ya mlango uwanda mweupe usio na jua lakini wenye mwanga, na vitu vilimjia polepole, kwa adabu, kila kimoja kikimwonyesha mahali pake pabovu kama mgonjwa anavyomwonyesha mganga. Akiamka alikuwa na huzuni kidogo, kama mtu aliyeondoka kwenye ngoma kabla haijaisha.

"Wewe siku moja utabaki huko huko," mama yake alimwambia, "na mimi nitabaki hapa nalisha mwili."

"Mama, huko hakuna njaa."

"Basi nawe ukienda uniite."

Sasa, ukimwangusha mtu, humwachi na vumbi lake. Huo ndio utaratibu wa viwanja vile vyote. Aliyeanguka huinuka, hukugeuzia mgongo, hunyamaza. Nawe kwa kiganja cha kulia humfuta vumbi mara tatu, toka mabegani mpaka kiunoni. Hapo mambo yamekwisha, mnakwenda kunywa. Vumbi lisipofutwa na yule aliyekuangusha, maji hayalitoi, utaoga mpaka ngozi ichubuke. Na yule aliyeacha kufuta naye hana salama. Yule aliyeangushwa huenda kujilaza mlangoni mwa usingizi wake, amejinyoosha toka mwimo hadi mwimo. Na mtu aliyelala harukwi. Kumruka ni kumtakia asiinuke tena. Nani atathubutu?

Mavuno saba, Chilewa alifuta migongo yote aliyoilaza. Alifuta mpaka ya wale waliomtukana mama yake.

Mwaka wa pili tangu reli ifike Dodoma, Wajerumani walifanya sikukuu ya kuzaliwa kwa Kaisari wao. Ilikuwa mwezi wa kwanza, watu wako shambani wanapalilia na matumbo matupu, lakini majumbe waliambiwa walete watu, wakaleta. Stesheni ilijaa bendera. Kulikuwa na tarumbeta, kuvuta kamba, na mlingoti uliopakwa mafuta ambao watu wazima wenye wake waliupanda na kuteleza mbele ya wakwe zao. Mwisho ikatangazwa mieleka, na maaskari wa kambini wakamtoa mtu wao.

Alikuwa Yahaya, Mrangi wa Kondoa, mfupi, mpana, kifua kama ngoma. Cheo chake ombasha, yaani alikuwa na askari wachache chini yake na wakubwa wengi juu yake. Sifa zake zilikuwa zikiwaangusha watu kabla mwenyewe hajawashika. Lakini Chilewa alikwisha mwota: tembe kubwa, zuri, limekandikwa udongo mpya, nguzo zake zote za mpingo isipokuwa moja ya kushoto, iliyoliwa na mchwa.

Walishikana viuno. Haikuchukua muda wa kumeza mate mara tatu. Chilewa aliegemea ile nguzo ya kushoto kwa goti lake, taratibu, kama anayeuliza njia, na tembe lote likashuka. Uwanja ukapiga yowe, watoto wakaruka, na mwanamke mmoja wa Makulu, wanasema, akapoteza kanga aliyoazima.

Yahaya aliinuka. Alijikung'uta magoti, hakujikung'uta mgongo. Kisha mbele ya maaskari wenzake, mbele ya Wazungu waliokaa vitini chini ya turubai, akageuka. Akampa Chilewa mgongo wake mpana, mtupu, umejaa vumbi jekundu, akangoja.

Chilewa alinyoosha mkono. Hilo nalo watu waliliona. Lakini saa ile ile tarumbeta zikalia na mkalimani akamdaka bega: "We, unaitwa na bwana mkubwa! Mbio!" Na pale mezani palikuwa na blanketi. Jekundu, zito, limekunjwa, jekundu kama kitu kilichotoka upande ule wa mlango. Chilewa alilitazama na miguu yake ikaanza kwenda yenyewe. Akajiambia, narudi sasa hivi.

Akavikwa blanketi mabegani. Bwana mkubwa akasema maneno marefu, mkalimani akayafanya mafupi: "Anasema vizuri." Watu wakacheka, yeye naye akacheka. Alipogeuka, kikosi kilikwisha jipanga, kinaondoka kwa tarumbeta, na Yahaya yuko mstari wa mbele amevaa shati lake juu ya vumbi.

Tangu siku ile, kila Chilewa alipofumba macho, mlango ulimjia kama kawaida. Na mlangoni amelala Yahaya, kifudifudi, mgongo mwekundu.

"Ombasha, sogea kidogo nipite."

Yahaya hakusogea. Chilewa akasimama pale mpaka majogoo yakawika, na majogoo yakamkuta macho makavu.

Baada ya siku chache dunia ilianza kumlegea pembeni. Kivuli chake kilichelewa kumfuata. Aliona midomo ya watu ikifunga, ndipo akasikia walichosema. Alikwenda kupalilia, akang'oa uwele, akaacha magugu yamesimama yanamshukuru. Mama yake, ambaye siku hizo alikuwa ameanza kwenda misheni Buigiri na kupewa jina la Loisi, alimwombea kwa Kikristo asubuhi, na jioni akamwekea majani ya mganga chini ya kichwa, ili asiwakose wote wawili. Blanketi alilichukua akamfunika ndama mgonjwa. Ndama akalala vizuri mno.

"Ni yule askari," mama alisema mwishowe. "Nenda kamfute, mwanangu. Mavuno yakija hivi hivi, utaangushwa na mtoto anayechunga mbuzi."

"Siogopi kuangushwa, mama."

"Unaogopa nini?"

Chilewa alifikiri mpaka mama yake akadhani amesahau swali. "Naogopa kwamba wale wananingoja," alisema. "Wale wa kule ndotoni. Wamekaa tu uwandani, na mimi siji."

Dodoma alikwenda moja kwa moja kwa Tabu. Aliyetaka habari yoyote Dodoma alikwenda kwa Tabu. Aliuza pombe karibu na stesheni, na nyumba yake haikukosa watu hata siku ya kuzika.

"Karibu, bwana blanketi!" Tabu alipaza sauti, na nyumba nzima ikaangua kicheko. "Mpisheni akae, huyu ni rafiki ya Kaisari."

"Dada Tabu, Ombasha Yahaya yuko wapi?"

"Unamtakia nini? Umwangushe tena? Mwache mwenzio apone."

"Nataka nimfute."

Nyumba ikanyamaza. Hata mlevi mmoja aliyekuwa amelala pembeni akaamka aone kimya kimetoka wapi.

"Hukumfuta?"

"Sikumfuta."

"Kumbe ni kweli!" Tabu akapiga mapaja. "Na mimi niliyebisha mpaka nikakauka koo! Nikasema, Chilewa nimjuaye mimi, Chilewa aliyemfuta hata yule mwenye upele! Haya, shika kata unywe, umeniaibisha." Akamwinamia, akashusha sauti, na Tabu akishusha sauti ndipo watu wa nyumba ya pili husikia. "Wamemhamishia Kilimatinde, kule bomani. Amekwenda na mkewe, Swaumu, mtu wa watu yule. Tangu aondoke mtaa umepoa. Na nasikia, mimi sikuwapo, nasikia tu, kwamba mwenyewe halali chali. Wala kiubavu. Kifudifudi, kama mamba. Na shati lake halipati kukauka kwa kufuliwa."

"Panda gari moshi," mtu mmoja akamshauri. "Kesho kutwa uko Saranda, stesheni ya kushukia Kilimatinde."

Chilewa akatikisa kichwa. Alisema usingizi wake ukiamua kumrudia njiani, ndani ya gari moshi hautamkuta; bora aende kwa miguu, umwone. Watu wakatazamana. Wanasema hapo ndipo walipojua kwamba hali ni mbaya.

Alifuata reli. Zuzu, Kigwe, Bahi. Hakuwa na haja ya kutafuta pa kulala, kwa hiyo alitembea tu, na njia ikatembea naye. Bahi mvua zilikuwa zimejaza mbuga, maji kila upande, meupe, yametulia, mbingu nyingine imelala chini na mawingu yake. Ndege heroe walisimama humo maelfu kwa mguu mmoja mmoja, na Chilewa alipopita juu ya tuta la reli aliwaonea wivu, maana walikuwa wamelala. Alikutana na watu waliobeba chumvi, akawasalimu, "Mbukwenyi," wakaitika, na nusu saa baadaye akakutana nao tena, wale wale, wakija kutoka mbele. Au hawakuwa wale. Au hawakuwapo. Alipiga magoti akanywa maji, na kwenye maji aliona uso wa mtu anayemtazama kwa huruma, akamwambia pole.

Zamani vitu vilikuja kwake ndotoni na kumwonyesha pabovu pao. Sasa vilimjia mchana peupe na havikumwonyesha kitu. Kilima kilikuwa kilima. Jiwe lilikuwa jiwe, zima, halina mlango.

Alipanda ukingo wa bonde siku ya nne, jua likiwa limeinama kidogo, na Kilimatinde ikawa juu pale na boma lake jeupe. Nyumba ya Ombasha Yahaya haikuwa ngumu kuipata. Ndiyo iliyokuwa na kelele.

"Hodi!"

"Karibu, karibu, usisimame juani!" Swaumu alikuwa mnene, mchangamfu, amekaa mkekani uani anasukwa nywele na mwanamke mmoja huku akimsuka mwingine, na wengine wanne wamekuja kutazama tu. Kuku walipita juu ya miguu ya watu. "Ukoo gani, ndugu yangu? Umetoka wapi na macho hayo? Mpeni maji!"

"Natoka Ihumwa. Ni mimi Chilewa."

Mikono ya msusi ilisimama. Swaumu alimtazama toka vidole vya miguu, akapanda polepole mpaka utosini.

"Wewe," alisema, "ndiwe uliyemwacha mume wangu amesimama?"

"Ndimi, shemeji."

"Mbona mwembamba!" mmoja wa wale wanawake akasema, kwa masikitiko kabisa, kama aliyeuziwa kuku mgonjwa.

"Nimekuja kumfuta."

Swaumu akavuta pumzi ndefu. "Shemeji, keti. Kula kwanza. Nikwambie ukweli, mimi ningekushika mkono nikupeleke mwenyewe. Nimechoka. Namsugua yule mtu mgongo kwa dodoki kila siku ya Mungu, naye ananiambia bado. Naona ngozi safi kama sahani, yeye anasema bado, nasikia linawasha. Lakini hatakubali. Namjua. Unajua kilichomuuma? Si kuanguka. Wanaume huanguka. Ni kusimama pale."

Chilewa alikula ugali wa mtama na maziwa, hakuonja ladha. Yahaya aliporudi kutoka kwenye gwaride, ua ulikuwa umekwisha kujaa, maana habari Kilimatinde haikuwa na haja ya tarumbeta. Wake wa maaskari, maaskari wenyewe, wapagazi, mpaka muuza tumbaku. Yahaya alisimama mlangoni. Alikuwa amekonda.

"Ombasha," Chilewa alisema, akasimama. "Nimekuja na mkono wangu."

"Umechelewa."

"Najua."

"Hujui." Yahaya hakupaza sauti, na kwa hiyo watu wote walisogea. "Nilivua shati mbele ya kikosi changu. Nikaangushwa, sawa, mchezo. Wenzangu wa pwani na wa Unyamwezi hawajui mambo yetu. Waliponiona nageuka walidhani nakimbia. Nikasema moyoni, acha wadhani, Mgogo huyu anajua, atanifuta waone kwamba ni heshima. Nikangoja. Nikasikia watu wanacheka nyuma yangu. Nikageuza shingo, nikakuona unavikwa nguo kama bibi harusi."

"Nilikosa," Chilewa alisema.

"Mgongo niliokupa siku ile nilikupa bure. Huu wa leo siutoi bure." Yahaya akaanza kufungua vifungo vya shati. "Utafute. Ukiniangusha hapa kwangu, mbele ya mke wangu, utanifuta, ni haki yako. Nikikuangusha mimi, utakwenda Ihumwa na vumbi la Kilimatinde mgongoni, na mkono wangu hutauona."

"Baba Mwanahawa!" Swaumu akamwita. "Mtu hajalala siku ngapi huyu! Huoni macho?"

"Na mimi je, nimelala?"

Chilewa alijua vizuri atakachopoteza. Akianguka, mlango ule haufunguki tena. Atabaki na dunia hii moja, ambayo kila jiwe ni jiwe. Na safari hii alikuja mikono mitupu. Hakuota kitu. Alimtazama Yahaya akaona mtu tu: mfupi, mpana, amechoka, ana kovu dogo juu ya jicho, ana mke na watoto wanaochungulia nyuma ya mtungi. Nguzo ya mchwa iko wapi? Kama ilikuwapo, mwenyewe alikwisha ijua na kuiziba.

Walishikana.

Wanasema mieleka ile ilikuwa mirefu kuliko yote waliyopata kuiona, na hakuna aliyepiga kelele. Yahaya alipiga ngwala, Chilewa akainua mguu kama heroe, ngwala ikapita. Chilewa akavuta kushoto, kushoto kukawa mwamba. Wakazunguka ua mzima, kuku wakahama, mtungi ukahamishwa. Jasho la mmoja likawa la mwenziwe. Chilewa alisikia moyo wa Yahaya ukigonga kifuani pake, akashindwa kujua ni wa nani. Katika maisha yake yote ya mieleka hakuwahi kukaa na mtu hivi. Daima alikuwa akikaa na chungu, na kamba, na nyumba. Mtu alikuwa akimgundua baadaye, akiwa tayari amelala chini, anahitaji kufutwa.

Kisha, bila kujua vipi, alijikuta amemnyanyua. Yahaya alikuwa juu, miguu haigusi chini, mikono ya Chilewa imemzunguka kiuno. Watu wakashika vinywa. Ilibaki kumwachia tu.

Na hapo, mtu yule mikononi, mzito, wa moto, anapumua, uso wa Chilewa ukaegemea bega lake. Bega lilikuwa pana. Macho yakafumba. Mlango ukaja, na mlangoni hapakuwa na mtu, kwa sababu aliyekuwa akilala pale alikuwa amembeba.

Akaingia.

Waliokuwapo waliona hivi: Mgogo amesimama, amemnyanyua ombasha, hatupi, hashushi. Wakahesabu pumzi. Kisha magoti ya Mgogo yakakunjika taratibu, na wote wawili wakaenda chini pamoja, kama mzigo uliofunguka kamba, migongo miwili mavumbini bega kwa bega. Nani alitangulia? Kilimatinde wana jibu lao. Dodoma wana lao. Kuna watu wameacha kusalimiana kwa ajili ya jambo hilo.

Yahaya alikaa kitako, anahema. "Inuka," alisema. Mwenziwe hakuinuka. "Swaumu, njoo. Nimeua mtu."

Swaumu aliinama, akasikiliza. Uso wake ukafunguka. "Hajafa," alisema. "Anakoroma."

Kicheko kilianzia kwa msusi kikaenda mpaka nje ya ua, lakini Yahaya akainua mkono na watu wakanyamaza. Alimtazama yule mtu mwembamba aliyetembea kutoka Ihumwa, mdomo wazi, inzi anatembea shavuni. Akamfukuza yule inzi.

"Mgeuzeni," alisema.

Wakamgeuza. Yahaya akapiga magoti, na kwa kiganja cha kulia akamfuta Chilewa vumbi, toka mabegani mpaka kiunoni, mara tatu, polepole, kama anavyofutwa mtoto aliyetoka kuoga. Ulikuwa mgongo ambao haujafutwa na mtu tangu uwe mgongo wa mwanamume. Usingizini Chilewa alishusha pumzi.

Kisha Yahaya akageuka, akakaa amempa mgongo mtu aliyelala, akatazama mbele. Hakuna aliyeelewa anangoja nini isipokuwa mkewe. Swaumu akauchukua mkono wa kulia wa Chilewa, mlegevu, mzito kwa usingizi, akaukunjua kiganja, akaupitisha juu ya mgongo wa mumewe. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu akauacha utulie kidogo pale kiunoni.

"Bado?" akamnong'oneza.

Yahaya alikuwa analia, au jasho lilikuwa limemwingia machoni. Mashahidi wa pande zote mbili wamekula viapo. Alijinyoosha pale pale chini, chali, mikono ameitawanya, na kabla Swaumu hajamletea mto naye alikuwa amekwenda.

Waliwawekea kivuli cha mkeka juu ya vijiti viwili. Watu hawakuondoka. Walikaa uani kuwatazama wanaume wawili wakilala, wakisemezana chini chini, wakigawana karanga. Jua likashuka, likatua, likachomoza tena, likafika katikati.

Chilewa aliamka mchana wa pili, akamkuta Swaumu anapepeta mtama.

"Shemeji, nilimfuta?"

"Ulimfuta."

"Mara ngapi?"

"Tatu."

Akatazama kiganja chake. "Sikumbuki."

"Mkono wako unakumbuka," Swaumu alisema. "Kula."

Alirudi Ihumwa bila haraka, analala kila alipoona kivuli. Mavuno yalipofika alishikana na vijana wa Hombolo na wa Mvumi kama kawaida. Akaangusha wengi, na wawili wakamwangusha yeye, akawageuzia mgongo akangoja zamu yake. Ndoto zilikuwa zimerudi, ila zilibadilika kidogo, alimwambia mama yake. Zamani uwandani vilikuja vyungu na kamba. Siku hizi wanakuja watu.

Na kila alipokwenda Dodoma, nyumba ya Tabu haikumpa nafasi ya kuketi.

"Haya, mwenyewe huyu hapa! Mwulizeni mwenyewe! Chilewa, waambie hawa wabishi, kule Kilimatinde, nani aligusa chini kwanza?"

Chilewa angepokea kata, anywe taratibu, awatazame wote wamekaa mbele ukingoni mwa vigoda vyao, pande mbili, wamenuniana.

"Mimi sijui," angesema. "Nilikuwa nimelala."